Sekunde Arobaini za Ntalikwa

Dar es Salaam
9 Novemba 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limekuachia ulale. Mimi sijambo, ila nimechoka. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu mdogo wangu Recheli ameniambia siku hizi kwenye simu unasikia nusu, na ile nusu nyingine unaitikia tu "ndiyo" ili mtu asihangaike.

Kazi yetu ya atlasi inaelekea mwisho. Niliwahi kukueleza lakini mtandao ukakatika. Ni ramani ya Tanzania inayofunguliwa kwenye simu au kompyuta. Kila panapozungumzwa lugha fulani pana kitone. Ukibonyeza, unamsikia mtu wa pale akizungumza kwa sekunde arobaini, na chini maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili. Lugha ni zaidi ya mia. Kila wiki tunakaa kikao cha kugombana Kinyamwezi kinaishia wapi na Kisukuma kinaanzia wapi, au kama Kirundi cha Ulyankulu ni cha nchi hii au bado ni mgeni baada ya miaka hamsini. Mkuu wetu, Bi Najiat, ameamua vitone vya njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, vikamilike kwanza ili tufungue ramani Januari.

Ntalikwa kwetu bado hapana mtu wa kurekodiwa. Sharti awe mzee, aliyezaliwa hapohapo.

Mama, baba alikuwa anarekodi kwaya za redioni kwa ile simu yake ndogo. Hakujirekodi mwenyewe hata siku moja? Kama kadi ya simu ipo, nitumie. Nimerekodi wazee mia na ishirini wa nchi nzima, na sauti ya baba sina.

Mwanao,
Hilari


Ntalikwa
3 Desemba 2023

Mwanangu Hilari,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Goti lipo, tunaishi nalo. Mvua imeanza vizuri. Nimepanda mahindi nusu ya shamba. Ile nusu ya baba yako, upande wa kichuguu, nimeiacha. Nguvu sina.

Barua yako ameniletea mwalimu Theodora. Nimeisoma mara tatu. Kwa nini mtu akae Dar es Salaam asikilize watu wa Ntalikwa, sijaelewa, lakini kama ni kazi, ni kazi.

Simu ya baba yako niliiweka ndani ya kopo la majani ya chai pamoja na miwani yake. Betri imevimba. Nimefungua mgongo kwa kisu nikatoa kadi, kadogo kama ukucha wa mtoto. Kilichomo sijasikiliza, simu haiwaki. Nimekashonea kwenye kitambaa cheupe na kukaweka katikati ya mfuko wa michembe ya viazi vitamu. Ukikata uzi, kata polepole.

Kaburi limetitia upande wa miguu. Recheli anasema tungoje kiangazi ndipo tujengee. Sikulaumu, nakupa habari tu.

Juzi asubuhi nilimimina chai vikombe viwili bila kujua. Nikavinywa vyote viwili, maana sukari nilikuwa nimeshatia.

Mama yako,
Eustadia


Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya iliyochelewa. Michembe tumekula ofisi nzima. Kadi imefika salama.

Ndani yake mlikuwa na kwaya sitini na mbili, na rekodi moja isiyo na jina, ya dakika kumi na moja. Tarehe inasema 2015, lakini unakumbuka simu ile, kila betri ikitoka ilirudi 2015.

Mama, ni baba. Anakohoa mara mbili, halafu anasema "haya", kama alivyoanza kila jambo, hata sala. Sauti imekwaruza, nadhani ni siku zake za kuumwa. Halafu anasema, kwa Kinyamwezi kile chake cha polepole: "Mwanangu Hilari yuko wapi? Yuko kwa watu, anarekodi wazee wa watu. Mimi hapa nimekaa, hajanirekodi. Mwambieni nikiondoka naondoka na maneno yangu."

Sikuweza kuendelea. Nimekata sekunde arobaini za mwanzo, iliyobaki nimeifunga.

Bi Najiat alipoisikia alisema hiyo ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu mzee anazungumza, hasomi. Nilimwambia ni baba yangu. Alinisogezea kiti. Akaniuliza kama kweli nataka iwekwe, nikasema iwekwe hivyohivyo. Kila atakayebonyeza Ntalikwa amsikie baba akinilalamikia. Ni haki yangu. Alipokuwa anafariki mimi nilikuwa Tunduru, namshikia kinasa sauti mzee wa Kiyao ambaye hata jina lake sasa sharti nilitafute kwenye karatasi. Habari ilinifikia siku ya nne, mmeshazika. Na tangu hapo sijaja, na sina sababu ninayoweza kuiandika.

Naomba unijibu kitu kimoja. Aliyasema lini hayo? Ulikuwepo? Ulimjibu nini?

Ramani imefunguliwa juzi. Nimemtumia Recheli anwani yake, akija kutoka Isikizya akufungulie.

Mwanao,
Hilari


Ntalikwa
20 Machi 2024

Mwanangu Hilari,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Hapa ni Kwaresima na mvua, tunakula mlenda na uyoga, afya ni ya Mungu. Nimechelewa kukujibu na si kwa sababu ya kazi.

Recheli alikuja mwezi uliopita. Akafungua hiyo ramani, akabonyeza, akaniwekea simu kwenye sikio zima. Kile kikohozi kilinisimamisha. Lakini lilipokuja lile "haya", la kuvutwa kuliko la baba yako, nikajua. Nikamtazama Recheli, na yeye ameinamisha kichwa.

Hilari, huyo si baba yako. Ni Mhando.

Yule Mhando Mzigua, mstaafu wa reli, mtani wetu. Wewe hukuwepo, kwa hiyo hujui alichotufanyia. Utani wetu na Wazigua, babu yako alisema ulianzia njiani, wakati wazee wetu wanabeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Basi siku ya kuzika Mhando aliingia kaburini akalala. "Hili mmemchimbia mbwa? Wanyamwezi kubeba mizigo mnajua, kuchimba hamjui!" Hakutoka mpaka akapewa jogoo. Siku ya tatu akavaa koti la baba yako, lile la kahawia, na kofia yake, akakaa kwenye kiti chake, akaomba chai. Akakohoa. Watu wakashika midomo. Ni yeye, Hilari, ni yeye kabisa. Miaka arobaini wamekunywa chai pamoja, na Kinyamwezi chake ni kizuri kuliko cha vijana wetu.

Akaanza kutusema wote kwa sauti ya marehemu. Mimi akanisema kwa ubahili wa chumvi. Paroko akamsema kwa mahubiri marefu. Lakini alianza na wewe, mwana wa kwanza usiyekuwepo. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, kusema kile ambacho wenye msiba wanakimeza. Recheli alirekodi kwa simu ya baba yenu, alitaka kukutumia ucheke. Baadaye akaona haya, akanyamaza, akasahau.

Nimekaa na neno hili mwezi mzima. Nilisema nikuachie, kwani linamdhuru nani, mtoto ana sauti ya baba yake. Lakini unalala na lawama ambayo baba yako hakuitoa. Hilo sikuweza.

Umeuliza aliyasema lini, na nilimjibu nini. Siku za mwisho Kiswahili kilimtoka chote, akabaki na Kinyamwezi cha utotoni. Aliomba maji. Aliuliza kama mbuzi wamerudi. Wewe alikutaja mara moja, Jumanne, siku mbili kabla. Alidhani bado uko shule ya bweni. Alisema, "Huko baridi imeanza, na lile blanketi la Hilari bado liko hapa." Nikamwambia limeshaenda na treni. Akasema vizuri, akalala. Ndivyo nilivyomjibu.

Koti analo Mhando. Kwa desturi anayelikomboa, kwa jogoo, ni mwana wa kwanza. Hajalivaa tena, limetundikwa ukutani kwake.

Nisamehe.

Mama yako,
Eustadia


Ntalikwa
2 Juni 2024

Mwanangu Hilari,

Tumsifu Yesu Kristo. Naandika kukujulia hali. Aprili hukuandika, Mei hukuandika. Recheli anasema ukimpigia unauliza mama mzima, akisema mzima unakata.

Tumevuna magunia manne. Kaburi limejengewa, fundi alikuwa mzuri, hakupenda maneno mengi. Recheli amebonyeza tena Ntalikwa kwenye ramani, hapasemi kitu. Nimejua umeipata barua yangu.

Kama umekasirika, kasirika, lakini ule.

Mama yako,
Eustadia


Dar es Salaam
23 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nakula. Nimepungua kidogo lakini nakula.

Niliandika barua tatu nikazichana. Nilikukasirikia, mama. Nilisema nilikuwa na kitu kimoja cha baba, na umenipokonya. Zilipita wiki nyingi kabla sijakumbuka sehemu ya blanketi. Nilikuwa nimeisoma bila kuiona. Sasa ndiyo ninayolala nayo.

Kazini niliwaambia ukweli kikaoni. Nilidhani watanifukuza. Badala yake wakabishana kwa saa tatu nzima: Mzigua akimwigiza Mnyamwezi, je, anazungumza Kinyamwezi au anaigiza? Mmoja akasema tuiweke kwa jina la Mhando. Mwingine akasema basi na kasuku tumtafutie kitone. Bi Najiat akapiga meza. "Sharti ni sharti. Toeni." Ilikuwa imesikilizwa mara mia nne na kitu. Mtu mmoja wa Ndala alikuwa ameandika chini yake kwamba imemkumbusha marehemu babaye. Nimempelekea ujumbe kumwomba radhi. Amejibu kwamba haidhuru, na akauliza kama anaweza kubaki nayo.

Jumapili iliyopita nilifungua rekodi yote, dakika kumi na moja. Nilidhani baada ya jina langu kuna kilio. Hakuna. Kuna watu wanacheka mpaka vikombe vinagongana. Dakika ya tisa, Mhando anapodai kwamba wewe humwekei chumvi kwenye mboga, kuna mwanamke anacheka mpaka anakosa pumzi, anasema, "Mwongo huyu, mwongo!" Nilirudisha mara nyingi kuhakikisha. Ni wewe. Sijawahi kukusikia ukicheka hivyo. Nilikuwa nakuwaza siku zile umekaa sakafuni huna mtu.

Nina ombi. Nimtumie Recheli jogoo, yaani anunue huko kwa niaba yangu, ampelekee Mhando, alichukue koti, alitie kwenye basi? Kazi bado ni nyingi, na mimi kuja sasa hivi sijui nitaanzia wapi kuwatazama watu.

Na kama hutaona vibaya, nije siku moja nikurekodi wewe kwa ajili ya Ntalikwa.

Mwanao,
Hilari


Ntalikwa
7 Julai 2024

Mwanangu Hilari,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimeisoma nje kwenye jua, asubuhi hizi ni baridi.

Ni kweli nilicheka. Baadaye niliungama kwa paroko kwamba nimecheka katika msiba wa mume wangu. Akaniambia, "Mama Hilari, hata mimi nilicheka, na mahubiri nimeyapunguza."

Habari ya kitone, mimi siwafai. Umesahau nimezaliwa Bukene. Tafuteni mwingine, au muache wazi. Watu wakibonyeza wasisikie kitu, labda watakuja wenyewe.

Juzi nilikwenda na Recheli kwa Mhando, na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Alikuwa amekaa mlangoni na shuka mabegani. Recheli akamwambia, "Babu, kaka ametuma jogoo wa koti."

Akamtazama jogoo, akamtazama Recheli. "Huyu ndiye Hilari? Mbona ana manyoya?"

Recheli akacheka. Akasema kaka ana kazi nyingi.

"Mnyamwezi kazi yake kubeba. Na abebe miguu yake alete hapa. Koti halipandi basi. Nina matusi yake nimeyaweka tangu mwaka jana, na mengine nimeongeza baada ya kusikia amenitia kwenye ramani bila chai. Nitamtukanaje kwa jogoo?"

Jogoo tumerudi naye. Nimemfunga jikoni, anakungoja.

Najua unaogopa watu. Hawatakusema, mwanangu. Wa kukusema ni mmoja tu, na akishakusema imekwisha, utakaa, utapewa chai. Ndivyo ilivyo kwetu, hakuna njia nyingine ya kuingia.

Lakini usikae sana. Nilipokuwa naaga, Mhando alikohoa, akashika ukuta. Nikangoja aseme "haya", tucheke. Hakusema. Alikuwa hamwigizi mtu.

Mama yako,
Eustadia