Kisu Ulichonipa Kasulu

Macquarie Fields, Sydney
12 Septemba 2021

Baba yangu mpendwa, Mzee Nibigira,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu za kuinua nyundo, na kikohozi kiwe kimekwisha. Sisi huku hatujambo. Armelle na watoto wanakusalimu. Tumefungiwa ndani tangu Juni kwa ajili ya korona, ila mimi natoka kwa kibali, maana kutunza wazee hakuna likizo.

Mzee ninayemtunza, huko Bankstown, anaitwa Colin. Hasikii vizuri na ulimi wake una pilipili. Maisha yake yote amekusanya visu vya kukunja vya wanajeshi wa Kijerumani wa vita vya Hitler, na watu humletea vyao awaambie kama ni vya kweli au vya kughushi. Nikishamwogesha hunipa lenzi na kunifundisha. Anasema kutu ya nje usiiamini, hata siki huileta. Tazama ndani ya bawaba, kidole kisikofika.

Basi mwezi wa saba nikampelekea kisu chetu, kile ulichonikabidhi siku naondoka kambini Kasulu, ukisema babu alikipata kwa mateka Mjerumani alipobeba mizigo ya Waingereza kule Libya. Nilikwenda kifua mbele. Colin alikifungua mara tatu, akaniambia nisikasirike, hakijafikisha hata miaka ishirini. Nje kilikuwa cheusi kama cha kale, lakini ndani ya bawaba kinang'aa. Na jina la Solingen, mji wa Ujerumani wanakotengeneza visu, halikupigwa kwa mkupuo mmoja kama kiwandani, liligongwa herufi moja moja. Nikachukua lenzi nione mwenyewe. Herufi N ilikuwa imekatika mguu, sawasawa na N unayogonga kwenye majembe yako.

Baba, nilikuandikia kwenye simu kwamba kimya changu cha miezi miwili kilitokana na mtandao mbovu. Si kweli. Simu zako nilikuwa naziona zikiita, naziacha. Nilikukasirikia sana, na niliona aibu, kwa sababu miaka kumi na mitatu nimewasimulia watu wa kanisani habari za kisu kile. Nikawa najisemea njia ya mwongo ni fupi, kumbe yako imefika mpaka Australia. Wewe ulikuwa unaumwa, na mimi mtu mzima nimenuna. Nisamehe.

Nimewaza, nadhani cha babu kilipotea tulipokimbia Burundi, nawe hukutaka niondoke mikono mitupu.

Jana Colin aliomba kukiona tena hiki chako. Alisema ameshika vya kughushi vingi, lakini hajaona springi iliyotengenezwa kwa mkono ikafunga vizuri namna ile. Ana daftari la majina ya mafundi, wote Wajerumani. Akataka jina la aliyekitengeneza hiki. Nikamwandikia lako, na Kasulu pembeni.

Habari za babu tuziache. Nitakupigia Jumapili baada ya ibada. Nieleze tu kambini ulikipata wapi chuma cha springi ile.

Msalimie mama na wote wanaoniulizia. Mungu akulinde.

Mimi mwanao,
Callixte