Ruteri Haikuwa Imeungua

Yaya Feruzi, kaka yangu,

Ile ruteri haikuwa imeungua. Naanza na hiyo juu nikianza na salamu nitazunguka, unanijua, nitazunguka mupaka karatasi iishe. Haikuwa imeungua. Iko nzima, iko hapa mezani kwako mu atelie, pale ulikuwaka unatengeneza redio, taa zake nne zinawaka, na mi niko pembeni yake naandika na kalamu kama mutoto wa darasa la tatu. Kwa mashine, ile kompyuta yangu, siwezi.

Kesho iko arobaini yako. Wasomaji wa hitima watafika saa nne. Mandugu wetu toka Gatete wameshaleta mihogo na mawese, sufuria kubwa zimetoka kwa jirani. Kila mutu ananiambia, pole Zaituni, yaya yako alikufa akitafutia watu mema. Naitika. Naitika tu, Yaya.

Unakumbuka Mama Riziki? Alikuwaka anakuja kila siku kuuliza kama mume wake ametuma neno toka kambini Tanzania, na kila siku anakuja na kitambulisho cha mume mukononi, kama vile ruteri itamuuliza. Na wewe unamwambia, "Mama, kile kisanduku hakijui kusoma, weka mufukoni." Anaweka. Kesho anakuja nacho tena. Tulichekaka mupaka wifi Mwamini, muke wako, anatufukuza: "Nyie wawili, muke wa mutu anatafuta mume, munamucheka!"

Tangu wale wazungu wa shirika walikimbia na kuacha parabole yao, ile sahani kubwa ya kukamata internet, na wewe ukaipandisha juu ya nyumba yetu, nusu ya mutaa ilikuwa inapita hapa. Mashine tatu tu, na kisanduku kimoja cha kuzigawia internet. Halafu kikaanza kukwama. Dakika kumi inakamata internet, kisha kimya. Taa zinawaka lakini hakuna kitu kinapita. Unachomoa, unangoja, unachomeka, dakika kumi tena. Mama Riziki alikaa siku nzima pale kwenye benchi, akarudi nyumbani na kitambulisho chake.

Wewe ulikuwa mutu wa redio. Internet uliniachia mi, juu nilijifunza mwenyewe na nilikuwa najisifu, wacha niseme ukweli. Lakini ulikuja, ukainusa. Kila chombo ulikuwaka unakinusa kwanza, kama mama ananusa samaki. Ukasema, "Haina harufu ya kuungua, Zai. Umechomoa vyote, ukarudisha kimoja kimoja?"

Nikasema, "Ndiyo, Yaya. Vyote."

Uongo. Mashine yangu sikuichomoa.

Unajua juu ya nini? Hujui. Ndiyo maana naandika. Mutu mumoja, sijui yuko inchi gani, aliweka nyimbo za orkestra ya baba. Ile ya Rumonge, baba akipiga gitaa, zile kaseti ziliungua na nyumba mwaka wa kwanza wa vita. Nilikuwa nazishusha na programu ya watu kugawiana wenyewe kwa wenyewe. Hiyo haichukui kwa mutu mumoja, inachukua kipande huku, kipande kule, na wewe pia unagawia wengine vile umeshapata. Majuma matatu ilikuwa inatambaa. Ilibaki kidogo sana. Niliogopa nikichomoa, mwenye kile kipande cha mwisho atapotea na hatarudi. Na nilitaka ikuangukie tu bila kujua. Niwashe, usikie, uulize nani huyo anapiga hivi.

Basi nikagusa ruteri kwa juu. Ilikuwa moto kabisa, juu wifi alikuwa ameifunika na kitambaa chake cha kufuma, vile anafunika redio, televizyo, hata termosi. Nikapata jibu la haraka. Haraka zangu, Yaya! Nikasema kwa sauti, mbele yake na mbele yako, "Imeungua. Wifi, kitambaa chako kimeichoma. Tununue ingine."

Asubui yake ulipanda bisi ya kwanza ya Bujumbura, kwenda kuinunua, saa tatu, wanajeshi walipofungua barabara. Ulisimama hapo mulangoni, unafunga kamba ya kiatu. Ukasema, "Nikileta mupya na ukaiunguza, nakuoza kwa muvuvi wa Muhuta, yule hana meno." Nikakutupia kandambili. Ikakosa.

Na iko Muhuta, pale mulima unashuka mupaka karibu na maji, ndiyo watu wa bunduki waliwapigia bisi risasi mukiwa munarudi. Watu watatu walikufa. Wewe ulikuwa kwenye dirisha la upande wa mulima. Shoferi mwenyewe ndiye alileta mufuko wako. Ndani iko kanzu, mukate uliokatwa, na ruteri mupya mu boksi yake ya karito, hata naylo haijafunguliwa.

Siwezi kuandika zaidi juu ya siku ile. Naruka.

Wifi yuko mu eda, hatoki, anakaa chumba kile cha nyuma ya pazia na anasikia kila kitu cha atelie. Juma la nne aliniita. "Zaituni, funga ile alileta. Asiwe amekufa bure." Nikaifunga. Ikakamata! Watu wakaingia, Mama Riziki akakaa. Dakika kumi.

Kimya.

Yaya, nilidhani naanza kuwa mwenda wazimu. Ruteri mupya, tena ile uliyoibeba wewe. Niliinama nikainusa, naapa. Ilinusa plastiki mupya. Nikawaambia watu wapishe, nikakaa chini kwenye sakafu ya sima, nikafanya ile kitu uliniambia. Nikachomoa vyote. Nikarudisha mashine yako peke yake: saa nzima inakamata. Nikaongeza ile ya katikati: inakamata. Nikaongeza yangu. Taa zikaanza kukimbia kama zinatetemeka kwa baridi, na dakika kumi hazikuisha, ikakwama.

Ile programu inajiwasha yenyewe ukiwasha tu mashine. Nikaifungua. Nyimbo za baba: zimekamilika. Zilikamilika siku tatu za matanga, hakuna mutu aligusa mashine, internet yote ilikuwa yake. Siku tunakuzika, kile kipande cha mwisho kiliingia. Na tangu nianze kuzishusha, na zaidi tangu hapo, watu walikuwa wanakuja kuchukua kwetu, mamia kwa mamia. Kila anayekuja, ruteri lazima imuweke kichwani, na kichwa chake iko kidogo. Kikijaa, haipokei mutu tena, hata Mama Riziki.

Nikaiambia programu ipokee watu wachache, na siyo muchana. Kisha nikatoa ruteri yako mupya, nikarudisha ile ya zamani, ile niliyosema imeungua. Ikakamata. Inakamata mupaka leo. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko kukaanga ndagala. Ingeweza kufanyika siku ile ile, wewe ukiwa umesimama hapo na kikombe chako.

Wifi akauliza nyuma ya pazia, "Iko inakamata?"

"Inakamata, wifi."

"Alhamdulilahi. Kumbe aliona mbali." Akalia.

Siku kumi na mbili nimenyamaza. Na ningenyamaza maisha yangu yote, nakuambia wazi, hakuna mutu hapa anayejua vile ruteri inakwama. Lakini wifi ametoa vitambaa vyake. Vyote, Yaya. Redio iko uchi, termosi iko uchi. Ameviviringisha akavitia mu mufuko wa mchele chini ya kitanda. Jana nilimupelekea chai, nikamukuta ameshika ile sindano yake ya kufuma, anaiangalia tu. Akasema pole pole, siyo kwangu, "Hii ndiyo ilimuua mume wangu."

Nikaacha chai pale, nikatoka mbio. Nilitoka mbio, Yaya. Mi ndiye ninamuangalia akijihukumu na sindano, na neno liko mu kinywa changu.

Labda atanifukuza. Nimeshafikiri nitaenda wapi, na sijui. Labda mandugu wa Gatete watasimama na sahani zao na kuniangalia. Labda Mama Riziki hatanifukuza, lakini hata yeye sijui. Alipata neno la mume juzi, aliishukuru ruteri kwa mikono miwili, murakoze, murakoze, ile ya zamani, na hakujua.

Nakuahidi hivi. Kesho asubui, kabla ya wasomaji, kabla ya kuwasha moto, nitaingia nyuma ya pazia na ruteri zote mbili mukononi, ili nisipate njia ya kuzunguka. Nitamwambia: kitambaa chako hakikuua kitu. Nilisema nimechomoa vyote, na yangu sikuchomoa. Basi. Bila gitaa ya baba mbele, kama ndiyo inanitetea. Zile nyimbo sijazisikiliza. Tulikuwa tuzisikilize wawili. Siku wifi atanikubalia tena kukaa chini karibu naye, yeye ndiye atasema tuwashe ao hapana.

Halafu nitavuta ule mufuko chini ya kitanda, kama ataniruhusu, nirudishe kitambaa kwenye redio yako. Kwenye ruteri hapana. Hiyo kweli inaipa joto.

Lala na amahoro, lala kwa amani, Yaya. Nimechomoa vyote sasa. Naanza kurudisha kimoja kimoja.

Mudogo wako,
Zai