Ndege Iliyozunguka Juu ya Mawingu

Tanga, Jumanne, 20 Aprili 1993. Mvua tangu alfajiri.

Maryamu, binamu yangu, leo naandika kila kitu, hata ninachokionea haya. Nikimaliza nitauchana ukurasa huu niutie kwenye bahasha, uje kwako Pemba.

Baba yako alipopiga simu kwa jirani kutuambia Bibi amefariki, mama hakulia. Alivaa buibui, akaniambia nisivae sare ya shule. Bibi alikwisha kuusia: aoshwe na mama, binti yake mkubwa. Baba yako akasema watangoja mpaka alasiri, zaidi ya hapo hapana. Boti hazikutoka kwa sababu ya mawimbi. Ikabaki ndege ndogo, moja ya hizi za watu binafsi zilizoanza juzijuzi, inayopita hapa ikitoka Unguja kwenda Pemba.

Sijawahi kupanda ndege. Njiani kwenda uwanjani nilifurahi, Maryamu. Bibi amekufa, nami nafurahi.

Tulikaa kwenye benchi pamoja na mzee mmoja wa Muheza, mfanyabiashara wa machungwa. Mvua ikipungua tunasimama, ikizidi tunakaa. Yule mzee akamwambia karani wa uwanja, "Basi likikwama Pongwe tunashuka tunasukuma. Hiyo ndege yako tutaisukumia wapi, bwana?"

Hata mama alitabasamu.

Adhuhuri tukaisikia. Ilikuwa juu yetu kabisa. Ikazunguka, ikazunguka tena, hatukuona hata bawa. Kisha mlio ukaenda ukipungua, tukabaki na mvua.

"Rubani haoni uwanja, mama," karani alisema. "Amerudi Unguja."

"Atakuja tena saa ngapi?"

"Mawingu yakiinuka."

"Na yatainuka saa ngapi, mwanangu?"

Karani akatazama dirishani.

Shuleni nimefundishwa mvua za masika zinatoka wapi. Naweza kuchora mishale ya upepo kwenye ramani bila kukosea. Leo hayo yote hayakunifaa kitu.

Alasiri ilipokaribia, mama akaomba simu ya ofisini. Nilisimama karibu, nikasikia sauti ya baba yako ikikatikakatika.

"Kaka, mwosheni. Msiningoje."

Simu ilikuwa mbovu, ikabidi arudie kwa kelele, watu wote wakisikia: "Nimesema msiningoje!"

Hapo ndipo alipolia.

Sasa tuko nyumbani. Majirani wamejaa, wanampa pole. Amekaa mkekani, mikono ameiweka mapajani kana kwamba amesahau ni ya kazi gani. Mvua bado inanyesha. Wanasema kesho huenda kukawa kweupe na ndege ikatua.

Kesho itue ya nini?

Kuna jambo mama hakuuliza kwenye simu, na namjua, hatamwuliza mtu. Lakini akijibiwa nadhani atapata usingizi. Wewe ulikuwepo nyumbani, Maryamu. Nijibu kwa barua ya kwanza itakayovuka: nani alimwosha Bibi, na je, mlimpashia maji yakawa ya uvuguvugu, kama alivyokuwa akiyapenda?