Dumu la Mawese na Meza ya Bwana

Gasenyi, Bujumbura
Jumanne, 11 Machi 2003

Mpendwa kaka Fortunat,

Nakusalimu sana katika jina la Yesu. Habari za Kigoma, na kifua chako kinaendeleaje? Usiniambie kimepona kama bado unalala umekaa, nakujua. Sisi wote ni wazima. Wiki iliyopita risasi zililia tena upande wa milimani, lakini asubuhi watu walikwenda kazini kama kawaida.

Dumu la mawese ulilompa baharia Namegabe lilifika bandarini salama, mume wangu Marcellin akalichukua. Asante sana. Ila umetuletea kesi nyumbani!

Mama alikataa kuyagusa. Unajua desturi yetu: aliyekosa ndiye anayebeba mtungi wa pombe kwenda kwa aliyekosewa. Sisi walokole tumeweka Fanta mahali pa pombe, lakini hakuna anayekwenda mikono mitupu. Sasa wewe, ambaye mama yako mgonjwa tulimwacha kitandani kule Kamenge tulipokimbia vita, akafia humo, ndiwe unayetuma zawadi na salamu kwamba umesamehe. "Ni mi nilimuacha," Mama akasema. "Namna gani ye ndo analeta?" Akalisukuma dumu chini ya kitanda.

Hujui hali ya Mama, huyo shangazi yako, kanisani. Kila Jumapili anawahi kufagia, anampelekea Pasta Jovithe mayai, anaosha vikombe vya Meza ya Bwana. Vikombe vikianza kupita, anatoka nje. Miaka yote hii anasema hajapata kitu cha kutosha kumpelekea Mungu. Huwa namhurumia, kisha namkasirikia.

Nikamweleza Pasta habari ya dumu. Alikuja, akakaa na Mama jikoni, wala hakuhubiri sana. "Mama Olga, kwa Mungu iko vilevile. Siye tulimukosea, na ye ndo alileta. Alimuleta Mwana wake. Damu ilishamwangika. We unataka kuongeza nini, mayai?" Mama alinuna. Alijua nani aliyepeleka maneno, akaacha kuniongelesha.

Jumapili hii alichelewa ibada, akaja bila ufagio wala mayai. Vikombe vilipoanza kupita nilishika benchi kwa nguvu. Hakutoka. Alikunywa, akalia kwa sauti, akaita jina la mama yako, jina ambalo hatukulisikia mdomoni mwake tangu Kamenge. Nami nililia, sikuona aibu.

Kaka, sisemi kosa lilikuwa dogo. Lingekuwa dogo, mayai yangetosha.

Marcellin na watoto wanakusalimu, na Pasta pia. Mungu aliyekupa moyo huo akutunze huko ugenini, akurudishe kwetu mzima.

Nilimwuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Akafikiri, akasema: "Umwambie sina kitu ya kumutumia." Halafu akacheka, kaka. Mama alicheka.

Dada yako akupendaye daima,
Olga