Usiing'oe Mibuni ya Juu

Majengo,
S.L.P. 80417,
Mombasa.
6 Februari 1996

Mpendwa Mjomba Crispus,

Salamu nyingi kutoka kwetu Majengo. U hali gani? Na mkaza mjomba Eddah, mguu wake umepoa? Sisi tu wazima, ila joto la mwezi huu halitupi usingizi.

Mjomba, nakuandikia kwa haraka.

Unajua kazi yangu ni kuosha vikombe katika chumba cha kuonjea kahawa, kwenye ghala moja karibu na Kibarani. Miaka sita nimesikia pale kwamba kahawa ya robasta, aina hiyo yenu, ni ya kuchanganyia tu, na ya Busia hata haitajwi. Ndiyo maana Pasaka iliyopita nilikushauri ung'oe mibuni upande mahindi.

Jana nilikaanga zile buni mlizonitumia Krismasi, nikajipikia kikombe, nikakiacha mezani. Mzee Faraj, mwonjaji wetu, mtu wa Mji wa Kale, akakichukua akidhani ni cha kazi. Akaonja, akaonja tena.

"Trizah, hii ya wapi?"

Nilijua nimeshafukuzwa. Nikamwambia ni robasta ya mjomba wangu, Busia.

"Mwanangu, usinifanyie mzaha."

Akakiweka kati ya vikombe vingine vitano, akawaita wenzake wawili bila kuwaambia kitu. Wote wawili wakakichagua hicho hicho. Aliponiuliza inavyokaushwa, nikaeleza jinsi Eddah anavyochuma zilizoiva nyekundu peke yake na kuzianika juu ya vichanja, na jinsi tulivyokuwa tukimcheka kwa kujisumbua. Mzee Faraj hakucheka. Alisema kwa miaka thelathini hajaonja robasta kama hii. Anataka gunia zima awaonyeshe wanunuzi.

Nilikimbia nyumbani kukuandikia. Mlangoni nikakuta barua yako: umefuata ushauri wangu, mibuni yote ya shamba la chini umeing'oa, ya juu unangoja mvua uing'oe. Nilikaa sakafuni, Mjomba.

Nisamehe. Ya juu usiiguse. Barua hii anakuletea jirani yetu Bonface, anayesafiri leo, maana posta itachelewa.

Nisalimie binamu yangu Priscah na watoto wake. Mungu awalinde, na mvua ije kwa wakati wake.

Na Eddah mwambie hivi: alipokataa kushika jembe kung'oa mibuni Pasaka ile nikamwita mkaidi, yeye ndiye aliyekuwa akijua. Mimi nimeosha vikombe vya kahawa za watu miaka yote hii, na ya kwetu sikuwahi kuionja.

Mpwa wako akupendaye,
Trizah