Jaa Uliyoniwekea

Baba Salma wangu,

Jumapili kompyuta yako ilitugomea. Salma aliisasisha kama ulivyomfundisha, ikazima, ikawaka, tukabaki na kioo cheusi na kimshale cha kipanya peke yake. Nikalia. Mwanao akadhani nalilia kompyuta.

Unakumbuka ulivyoileta? Umetoka kazini Tyseley, karakana ya treni, mikono inanuka grisi, ukakaa nayo sebuleni mpaka chai ikapoa. Ulitaka Linux, ule mfumo wa bure, kwa sababu, ulisema, ile inakubali kuongea Kiswahili. Basi ukabadilisha majina yote kwa mkono. Pa kuanzia ukapaita Kwetu. Na kule pembeni, chini, ukaandika Jaa.

Wewe mtu wa Unguja, mie wa Morogoro. Nilisoma Jaa nikaelewa jaza, weka vitu humu. Nikaweka. Picha za Salma na sare yake ya kwanza ya shule, za mama yangu, zako umelala kwenye kochi mdomo wazi. Kila picha niliyoipenda niliisukumia humo.

Siku moja nilikusikia unacheka peke yako mbele ya kompyuta. Nikauliza kuna nini. "Hii Linux ina vituko," ukasema, kisha ukainama ukachapa chapa kwa muda mrefu. Ulipomaliza ukaniambia, "Mama Salma, endelea kuweka picha zako pale pale." Sikuuliza zaidi, nilikuwa nakaanga samaki.

Basi Jumapili hiyo Salma akaiweka kando mipangilio yako ya zamani ili kioo kirudi. Kikarudi, lakini kwa Kiingereza kitupu. Nikamuuliza Jaa iko wapi. "Jaa? You mean the bin? It's empty, Mum."

Nikampigia dada yako Unguja. Akacheka, masikini, hakujua nimepoteza nini. "Wifi, jaani si ndiko tunakotupa taka?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nakutupa jalalani kwa mkono wangu, nawe hukuniambia? Nilikukasirikia, wallahi, nikakusema kwa sauti kubwa na Salma akafunga mlango.

Baadaye akaniita. Alikuwa amefungua ile mipangilio ya zamani kuona ulifanya nini. "Mama, Baba ali-change. Ukibonyeza Jaa haiendi kwenye bin. Inafungua folder ya kawaida, angalia." Na jina la folda: Vya Mama Salma. Picha zote zimo, hata zile nilizoweka kabla hujagundua. Ulizitoa kwenye taka moja moja.

Hukunisahihisha. Ulibadilisha kompyuta nzima ili kosa langu liwe sahihi, ukaenda kula samaki. Nani atanifanyia hivyo tena hapa ugenini, Handsworth? Nakukosa mpaka nashindwa kukunja shuka peke yangu.

Salma amenirudishia Jaa yako, na jaa la taka la kweli ameliweka mbali, upande wa pili. Jana niliamua kuitupa ile picha yako ya hospitali, umekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Sitaki kukukumbuka vile. Nikaiburuta, na mkono kwa mazoea ukaenda Jaa.

Nilipofungua nikaikuta imetulia, kando ya ile ya kochi. Nimeiacha.

Lala salama, baba.

Mkeo,
Mama Salma