Bidoni ya Mama Kavira

Mujukuu wangu Furaha,

Tunakusalimia toka huku Keshero. Papa yako amepona, na mbuzi wetu amezaa mapacha. Unauliza namna gani komini, serikali ya mutaa ya huko Bunia, itawaaminia ninyi vijana kazi ya kutoa takataka, na kuna kampuni nayo inaiomba kazi hiyo.

Nilipokuwa mama kijana, sisi wanawake wa njia hii, avenii yetu, tuliomba komini ituachie kusimamia robine, bomba la maji. Asubuhi moja shefu wa komini alikuja kuifungua na kutuchunguza. Ukungu wa ziwa ulikuwa umefunika nyumba zote. Zilionekana bidoni zetu za kuchotea maji tu, za manjano, kwenye mustari juu ya mawe meusi, kama watu wanaosali. Sisi tuliketi pembeni, tunasukana nywele.

Shefu akaniona najaza bidoni isiyo yangu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Mama Kavira. Amezaa jana, yuko hospitali."

"Nani amekutuma umujazie?"

Tukatazamana. Hakuna aliyeelewa swali lake.

Alitazama zile bidoni ndani ya ukungu. Kisha akatoa ufunguo wa robine mufukoni, akautundika kwenye mukono wa bidoni ya Kavira.

Huko kwenu, takataka ya jirani mugonjwa, nani anaitoa sasa?

Ni mimi koko wako, nakuwaza.